Ukurasa wa Mwisho Uko Lushoto

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Huku ukungu unaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Mama Hoza, mwenye hoteli ninapokula, amezuia baridi kwa kubandika ukutani kurasa za vitabu vya katuni walivyoacha walowezi. Jana natafuna muhogo, nainua macho, namwona shujaa wetu wa joho jekundu! Rangi zimefifia, lakini ngumi yake bado inataka kutoka kwenye picha.

Kitabu chetu kilikosa ukurasa wa mwisho, tukabishana utoto mzima kama alitoka kwenye shimo la moto. Ukurasa huo upo hapa, ila umebandikwa kifudifudi. Nje ni tangazo la baiskeli. Pembe moja imenyanyuka, na kwa ndani naona namba inayofuata pale chetu kilipoishia, na wekundu wa joho.

Nikaomba tuubandue. "Thubutu!" akasema Mama Hoza. "Wewe urudi zako Tanga, upepo uniingilie mimi?"

Mimi nasema alitoka. Mtu wa namna ile hafii shimoni. Na wewe, dada, eda imekwisha tangu masika na bado unajifungia ndani. Kama unabisha, panda basi uje umbembeleze Mama Hoza mwenyewe.

Nimeshamwambia unakuja.

Mdogo wako akupendaye,
Zuberi