Tia Sukuni, Usalimike

Nuakshoti, 4 Rajabu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu.

Kwa babu yangu mheshimiwa, Sheikh Yahdhihi. Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mzima, sina hofu ila juu yenu. Goti lako laendeleaje tangu baridi iingie? Bibi Aminetu hajambo? Na yule ngamia mkorofi, bado anakula mikeka?

Babu, nimemaliza shahada ya kwanza, na sasa kuna milango miwili. Natakiwa kuchagua kabla ya tarehe 27 Shaabani. Mmoja ni uzamili wa nahau, ule uliouombea dua tangu siku nilizokuwa nikikalia mchanga wako na ubao mapajani. Wa pili ni uzamili wa kufundisha Kiarabu kwa watu ambao lugha hiyo si ya mama zao. Nusu ya masomo ni darasani, na wanafunzi wa kweli mbele yako na mwalimu mkongwe nyuma akikutazama. Nautaka huu wa pili.

Nikueleze sababu. Jioni mimi huwasomesha Kiarabu akina mama wauza samaki, watu wa mtoni wanaozungumza Kifulani. Mmoja wao, Kumba, alitaka kusema samaki wake ni wabichi, akasema, "Mimi ni mbichi." Wenzake wakaangua kicheko, nami nikamsahihisha palepale. Hakufungua kinywa kwa wiki tatu. Sikujua la kufanya, Babu. Nataka kwenda kulijua.

Sitajiandikisha popote bila radhi yako.

Mjukuu wako,
Teslem


Butilimiti, 15 Rajabu

Bismillahi, na rehema zimshukie Mtume wetu na jamaa zake.

Kwa binti wa mwanangu, Teslem. Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi tu wazima, twamshukuru Mola. Goti lapanda na kushuka kama bei ya mtama. Bibi yako akusalimu. Ngamia ameacha mikeka. Sasa anakula mapazia ya hema.

Barua yako nairudisha humu. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu: makosa kumi na moja. Zaidi ya hayo, mahali saba umeliacha neno bila irabu ya mwisho, ukijificha kama wale wavivu wasemao "sakkin taslam", yaani tia sukuni, usalimike: nyamazisha herufi ya mwisho, kosa lisionekane. Usidhani kwa kuwa jina lako ni Teslem, basi msemo huo ulitungwa kwa ajili yako.

Nimesomesha hemani miaka hamsini na miwili, na hakuna aliyenisomesha kusomesha. Mwenye mtungi uliojaa hahitaji shahada ya kumimina. Huyo mama muuza samaki alikosea, ukamsahihisha. Umetimiza wajibu wako. Aliyenyamaza amenyamaza kwa hiari yake.

Ubao haufutwi kabla haujahifadhiwa. Chukua nahau, ujaze mtungi.

Babu yako,
Yahdhihi


Butilimiti, 13 Shaabani

Bismillahi.

Kwa Teslem. Asalaam aleikum. Sisi tu wazima. Je, wewe u mzima?

Wiki nne zimepita bila neno lako. Kila pikapu inayotoka Nuakshoti bibi yako huitokea njiani. Jana kanitania mbele ya wageni: "Labda bado anazitafuta irabu zako." Wageni walicheka. Mimi sikucheka.

Andika, hata mstari mmoja.

Babu yako,
Yahdhihi


Nuakshoti, 18 Shaabani

Bismillahi.

Babu yangu, asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ni mzima wa mwili. Unisamehe kwa kimya.

Nimekuandikia barua tano na zote nimezichana. Kila nilipofika mwisho wa mstari niliuona wino wako mwekundu kabla hujachovya kalamu. Hii ni ya sita, na nimetia sukuni mwisho wa kila neno, makusudi, ili ifike.

Mimi umenilea wewe, na nahau nimeipata kwako. Ikiwa mimi nimeogopa kukuandikia, Kumba atathubutu vipi? Hakunyamaza kwa hiari yake, wala mimi. Mtungi uliojaa ni neema, Babu, lakini mwenye hofu hufunika kibuyu chake, na maji humwagika nje.

Juma lililopita nilimwendea mwalimu mkongwe wa uzamili huo nikamuuliza. Akaniambia nijibu maana kwanza, si kosa. Basi nikamwuliza Kumba habari za sokoni. Akasema tena, "Leo mimi mbichi." Nikamjibu, "Kama samaki wako ni wabichi, kesho naja kuchukua." Akanitazama. Kisha akasema polepole, "Njoo. Samaki wangu ni wabichi." Hakuna aliyemsahihisha; alijisahihisha mwenyewe.

Uamuzi wangu haujageuka. Ukinikatalia, sitakwenda kinyume chako, lakini nahau pia sitaichukua. Nitabaki na akina mama hawa, niwafundishe kwa kubahatisha.

Zimebaki siku tisa.

Mjukuu wako,
Teslem


Butilimiti, 23 Shaabani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, asikiaye hata kisichotamkwa.

Kwa mjukuu wangu Teslem. Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi tu wazima.

Barua yako ilinifikia baada ya Alasiri. Nilichovya kalamu katika wino mwekundu, wino ukakauka kalamuni. Bibi yako alikuwa akipika chai. Nikamwambia, "Aminetu, nisomee ulichohifadhi utotoni."

"Kwako wewe? Thubutu."

"Una nini?"

"Tangu mwaka tuliooana, Yahdhihi. Nilisoma sura moja, ukanikatiza mara nne, na mama yako anasikia. Toka siku ile nasoma moyoni. Ulidhani nimesahau?"

"Nilidhani hupendi kusoma."

"Kunywa chai yako. Imekuwa imepoa."

Ulimi wangu ulikwisha kuinuka ili kumwambia kuwa 'imekuwa imepoa' sivyo isemwavyo. Nikaumeza. Nikasema, "Kweli, imepoa. Nimiminie nyingine." Akanitazama, mjukuu wangu, kama huyo Kumba alivyokutazama wewe.

Katika Maneno ya Mwenyezi Mungu sitalegeza hata irabu moja, na hilo nakuusia. Lakini barua ya mtoto si aya, wala chai ya mke si aya. Mtungi wangu umejaa miaka hamsini na miwili, na nyumbani mwangu mtu amekaa na kiu. Kumimina nako ni elimu. Nenda ukaisome.

Radhi yangu unayo, kamili. Barua hii naikabidhi leo kwa Sidi Mhamedi wa pikapu. Kabla ya kesho Adhuhuri itakuwa mkononi mwako. Jiandikishe siku hiyohiyo.

Ile yako ina makosa tisa. Nimeyaona yote, sikugusa hata moja.

Mwenyezi Mungu akufungulie vifua vya wanafunzi wako, awape kauli, awabariki wao na watu wa nyumba zao.

Babu yako,
Yahdhihi

Hapa chini bibi yako ameandika kwa mkono wake. Nautuma mstari wake kama ulivyo.

Tislemu nenda uka some. Mungu aku bariki wewe na kila nyumba utakayo ingia. Na mimi na soma, kwa sauti. Bibi