Pete Iliyosema Nimelala

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima. Goti ndilo mgonjwa, nami nimelizoea kama mpangaji asiyehama.

Makala yako imefika. Nimeisoma na kamusi mkononi, nikaelewa hivi: umetengeneza kibandiko cha mkononi kinachopima chumvi ya jasho, ili mfanyakazi wa juani aonywe kabla hajaanguka. Kama nimekosea usinisahihishe, nimeshawaeleza wateja wote. Mimi dobi, jasho la watu ndilo lililokusomesha. Naona umeamua biashara isitoke kwenye ukoo.

Nimeibandika ukutani, juu ya meza ya pasi. Jirani yangu mshona viatu kauliza, "Sasa hiyo karatasi inamsaidia nini?" Nikamwambia angoje nikuulize.

Inakusaidia nini?

Shangazi yako

20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Lipe goti pole yangu. Mimi sijambo, ila usingizi haba.

Makala hainunuliwi, inatajwa. Mtafiti mwingine akiegemea kazi yangu katika makala yake, ananitaja humo, na wakubwa wanahesabu. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwaka, asiyetajwa haongezewi. Mimi nimetajwa mara nne, na moja nilijitaja mwenyewe.

Mwenzangu wa ofisi ya pili ametengeneza pete ya kupima mapigo ya moyo. Kaniambia, "Dada, sisi tuko wanne. Tutaje, tutakutaja, kila makala. Nani anaumia?" Kwa kuanzia, niisifie pete yake katika makala ninayoandika.

Niliijaribu, Shangazi. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya sita, natweta kama mbuzi aliyekimbizwa, pete ikaandika kwamba nimelala. Nadhani ni mwanga wake: kwenye ngozi ya maji ya kunde kama yake unapenya, kwenye nyeusi kama yangu unapotea.

Nisipomsifia, huenda nikakosa kazi. Nifanyeje?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa ngazi.

Nina mteja anayenisifu mtaa mzima ili nimfulie bure. Sifa zake zimeniletea wateja wengine, nao wote wanataka bure. Hapa kwetu anayetajwa kuliko wote ni mwizi wa kuku, na hakuna aliyemwongezea mkataba.

Sitakuamulia. Kazi ni yako, na mimi silipi kodi yako ya nyumba. Ila mimi ni mweusi kukushinda. Siku nikilazwa, moyo unanienda mbio, hiyo pete ikamwambia daktari "bibi amepumzika", sitapenda aniambie aliyeisifu ni nani.

Kula vizuri.

Shangazi yako

11 Novemba

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kimya hiki, sikuwa na neno la kukufurahisha.

Nilimtaja. Niliandika jinsi pete ilivyonisoma mimi, kisha nikawavisha watu wengine, weusi na wa maji ya kunde, nikaandika ilivyowasoma wote. Makala ilitoka Agosti, nakala yako imo humu. Bwana Pete alinijia mlangoni: "Nilikuomba unitaje, si unishtaki!" Tangu siku hiyo nikiingia kwenye lifti, yeye anashuka. Wenzake nao wamenuna.

Hakuna aliyenitaja hata mmoja. Kikao cha mikataba ni wiki ijayo, na nimeanza kutia vitabu kwenye maboksi. Usiwaambie wateja.

Mwanao

19 Novemba

Mwanangu,

Sijawaambia. Nimewaambia tu kwamba kuna makala ya pili, nayo nimeibandika juu ya ile ya kwanza. Mshona viatu kaulizia habari zake, nikamsimulia. Akatikisa kichwa: "Huyu mtoto ana ulimi." Nikamwambia ulimi huo ni wangu, nimemwazima.

Wasipokuongezea, njoo na maboksi yako. Chumba kipo, na pasi ya pili haina mtu. Lakini ukitoka humo toka mabega juu. Sijawahi kujivunia karatasi kama hii, na nimepiga pasi suti za mawaziri.

Shangazi yako

30 Juni

Shikamoo Shangazi,

Kaa chini kwanza, goti lisije likanitupia lawama.

Kikao kilinisogezea miezi sita tu, nikabaki nusu ndani nusu nje. Kisha hospitali mbili za ng'ambo zikarudia jaribio langu kwa wagonjwa wao, zikakuta yaleyale. Wakanitaja. Waliowasoma hao nao wakanitaja, watu nisiowajua wala wasionidai kitu. Wiki iliyopita mkuu wetu kaniita: mkataba wa miaka mitano, na maabara yangu mwenyewe.

Bwana Pete amebadilisha mwanga. Alikuja mwenyewe, kaniwekea pete mpya mezani: "Haya, nishtaki tena." Nimeivaa. Safari hii inasoma vizuri.

Agosti nitahutubia mkutano wa watafiti. Nauli yako hii hapa.

Mwanao

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba mara mia! Nimelia juu ya shati la mteja, ikabidi nilifue upya.

Nakuja. Duka nalifunga, na tangazo la mlangoni linaeleza sababu kwa urefu. Nitakaa mstari wa mbele kabisa. Mtu akikuuliza swali gumu, niangalie mimi. Sitakuwa nimelielewa, lakini nitakuwa naitikia kwa kichwa kama mtu aliyeliona jibu tangu jana.

Shangazi yako