Hirizi Ndani ya Kiti cha Dereva

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imenifika hapa Barani, marahaba. Bibi yako hajambo, ila goti tu. Jirani yetu Omari naye hajambo. Kaipaka nyumba yake rangi mpya, nami sina budi kuitazama kila asubuhi.

Waniuliza kama ulipie waranti ya nyongeza kwa hilo gari la mtumba. Ujanani, mimi na Omari tulinunua pikapu zilizotumika kwa muuzaji mmoja. Omari akawahi kulipia waranti ya mwaka wa pili. Mimi nikasema, "Simuigi mtu." Pesa zangu nikampelekea mwalimu mmoja aniandikie hirizi, gari langu lisipatwe na kijicho cha Omari. Nikaishona ndani ya kiti cha dereva.

Mwaka wa pili giaboksi zilituharibikia sote. Yake ilitengenezwa bure. Pikapu yangu ikalala uani, nami nikichungulia dirishani Omari akienda mashamba ya Magarini kupakia mananasi, roho ikiniuma.

Lipia, mjukuu wangu, ila usome kwanza yale wasiyoyalipia. Hirizi siilaumu. Niliiweka imzuie Omari, kumbe mwenye kijicho alikuwa ameikalia, kashika usukani.

Babu yako