Picha Nilizomwekea Mama Mkwe

Shoga, uko wapi? Leo nimeumbuka. Nimeumbuka kweli!

Ile kompyuta kuukuu ya mama mkwe, si niliiwekea Linux, ule mfumo mwepesi wa kuendeshea mashine, nikatamba kwa ukoo mzima? Ikawa inaganda. Nikaiweka upya, ikaganda vilevile.

Basi leo nani kaja kuitazama? Wifi! Huyo ambaye mama akimtaja tu sauti inalainika kama anabembeleza mtoto. Mimi sijawahi kulainishiwa sauti.

Akaketi, akaangalia ni nini kinachokula ramu, ile kumbukumbu ya mashine, akacheka. "Wifi, Linux haina kosa. Ni hizi picha zinazojibadilisha zenyewe kwenye skrini. Mashine ya zamani hii, haiziwezi."

Picha zangu, shoga! Za wanangu watupu! Niliziweka mara zote mbili ili mama akiwasha tu awaone wao. Mtoto wa wifi nilimkata pichani kila alipotokea.

Akazifungua moja moja mbele ya mama. Mbele ya mama!

Mama akainamia skrini. "Huu mkono begani kwa mjukuu wangu ni wa nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wifi akajibu taratibu, "Wa mwanangu, mama."

Hakunigombeza hata kidogo, na hicho ndicho kinachoniuma. Akaziondoa, kompyuta ikachapa kazi kama mpya, mama akampigia vigelegele. Vigelegele, shoga!

"Nimekuachia moja tu, mama," akasema. "Moja kompyuta inaibeba."

Kaacha ileile yenye mkono.