Mke Ambaye Hakuulizwa

Mogogosiek,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwako dada yangu Felister,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, si kitandani, na mgongo wa mama uwe umetulia sasa kwa vile kazi ya mpunga imepungua. Na yule mtoto wako wa mwisho, ameacha kukohoa? Mimi niko. Siwezi kujiita mzima sana, maana tangu muhula uanze sikumbuki siku niliyoamka bila kuchoka, lakini ninakula, ninafundisha, na Mungu hajanisahau.

Uliuliza kwa nini nimekaa kimya hivi. Ukaogopa ni yale mambo ya watu wa kuja na wenyeji. Hapana, dada. Mwaka huu kumetulia, ingawa kila mtu bado analala na sikio moja wazi. Kilichonimaliza ni kitabu. Najua utacheka, lakini soma kwanza.

Mwanzo wa muhula tuliletewa sanduku la vitabu vilivyotumika. Nusu yake ilikuwa takataka, lakini ndani nilikuta riwaya moja ya Kiingereza ya zamani niliyoisoma nikiwa chuoni, nakala nne. Ni hadithi ya msichana maskini anayeajiriwa kumtunza bibi mgonjwa katika jumba la mawe, mahali pa ukungu na upepo. Mwenye jumba ni bwana mmoja mrefu, mkimya, mwenye huzuni. Mkewe alikufa, na kila Jumapili anapeleka maua kaburini. Msichana anampenda. Halafu usiku anasikia vitu, anaona taa mahali pasipo na mtu, unajua hadithi za namna hiyo. Mwishowe anagundua kaburi lile halina maiti. Mke hakufa. Alitoroka, na yule bwana kwa aibu akazika sanduku lililojaa mawe ili watu wasijue ameachwa. Msichana anakimbia, anateseka, kisha anarudi. Bwana analia, wanaoana. Mwisho.

Niliwapa wasichana wa kidato cha tatu. Nakala nne kwa darasa zima, basi nikazichana kwa uzi wake, kila moja ikawa vipande vitatu, ili wengi wasome kwa pamoja. Dada, sijawahi kuona kitu kama kile. Watoto wale wale wanaosinzia nikifundisha sarufi, sasa walikuwa wananingoja mlangoni. Aliye na kipande cha mwisho aliombwa kama padri. Walimpenda yule bwana mpaka wakampa jina, wakamwita Mzee wa Maua. Wengine walisema wakipata mwanamume anayenyamaza hivyo na kuhuzunika hivyo, hawataki kingine duniani. Nilicheka, na nilihitaji kucheka.

Siku ya kujadili mwisho darasa liligawanyika. Wengi walisema msichana alifanya vizuri kurudi, kwa sababu bwana ametubu. Ndipo akasimama mmoja anaitwa Chelangat. Si mtoto wa maneno mengi. Anatoka nyumbani kila asubuhi, anafika amelowa magoti kwa umande wa mashamba ya chai. Akaniuliza:

"Madam, huyu mke wa kwanza anasema nini?"

Nikamwambia, anasema wapi?

"Ndiyo nauliza. Nimetafuta kutoka mwanzo mpaka mwisho. Bwana anaeleza, mpishi anaeleza, mchungaji anaeleza. Yeye hasemi neno hata moja. Hakuna mtu amemuuliza alitoka kwa nini."

Mimi mwenyewe nilikisoma kitabu kile chuoni, nikiwa mkubwa kuliko wao, nikakililia, na swali hilo halikunijia. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Kengele ikagongwa.

Sikujua kwamba hakuwa akiuliza juu ya kitabu tu. Baba yake alikuwa amekwisha kuzungumza na mwanamume anaitwa Kirui amwoe mtoto huyu. Atoke shule muhula ukifungwa. Mvua ya mawe iliyopiga huku imeacha chai za watu vijiti vitupu, na mzee yule ana watoto wengine wadogo. Usimhukumu haraka. Kirui ana ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, ana pikapu, ndiye anayesoma matangazo kanisani kwa sauti nzuri. Alikuwa na mke, lakini watu wanasema kichwa cha mke huyo kiliharibika akarudi kwao. Kila mtu humwonea Kirui huruma. Hata mimi nilikuwa namwonea huruma, na simjui.

Chelangat alikuwa akibeba kipande chake nyumbani na kumsimulia mama yake jikoni wakati wa kukamua na kupika, kwa Kikipsigis. Sura baada ya sura. Mama hajui kusoma, lakini hakuna msomaji niliyepata makini kama huyo. Aliuliza kwa nini yule bwana harudishiwi ng'ombe wake wa mahari. Aliuliza nani alichimba kaburi, maana mtu aliyebeba sanduku la mawe lazima alijua uzito wake. Na binti alipomletea lile swali lake la mke wa kwanza, mama aliacha kusonga ugali, akakaa chini.

Jumamosi moja mchana mama huyo akaja kwangu. Nilikuwa nasahihisha madaftari, miguu nimeifunga kwa blanketi. Amebeba mursik, yale maziwa yao ya kuganda, kwenye kibuyu. Tukasalimiana, tukanywa, akazungumza habari za mvua mpaka nikajua hakuja kwa habari za mvua.

"Mwalimu," akasema, "nimesikia bibi ya Kirui hayuko kwao. Iko Kapkatet. Anafuma masweta ya shule kwa mashine."

"Nani amekuambia?"

"Soko imeniambia. Nataka kwenda kumuona. Lakini nikienda peke yangu watasema nimeenda kutafuta maneno. Nikienda na wewe, nimesindikiza mwalimu kununua sweta."

Dada, sikutaka. Nakuambia wazi. Nilikuwa nimechoka mwili na roho, na mimi hapa ni mtu wa kuja. Nikianza kuingia katika ndoa za wenyeji, nani atasimama nami? Nikamwambia, mama, mimi nafundisha tu Kiingereza. Akanitazama, hakukasirika. Akasema, "Basi njoo ufundishe mimi kuuliza." Nikavaa viatu.

Tulimkuta kwenye kibanda nyuma ya duka la mbolea. Anaitwa Rael. Mwanamke mwembamba, nadhifu, anasukuma ile mashine mbele na nyuma bila kuitazama. Mimi nilichagua sweta, nikaigeuza, nikaichagua tena. Mama Chelangat alikaa kwenye kigoda akamwambia moja kwa moja yeye ni nani na binti yake anaombwa na nani.

Mashine ikasimama.

"Umekuja kuniuliza kama alinipiga," Rael akasema.

"Hapana."

"Wote wanauliza hiyo. Wazee waliniuliza, mchungaji aliniuliza. Alikupiga wapi? Onyesha. Hakunipiga hata siku moja. Ndiyo maana wakasema mimi ni wazimu."

Mama Chelangat akasema polepole, "Mimi nauliza mlikuwa mnaishi namna gani."

Rael akakata uzi kwenye mashine. Kisha akasema bila machozi, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. Alisema kila Kirui alipokwenda mjini, anakusanya viatu vyote vya mkewe, hata makubazi ya kuogea, anavitia kwenye pikapu, anaondoka navyo. Akirudi anavipanga tena mlangoni, anamletea na sukari na vitenge. Mwanzoni Rael alidhani ni mzaha. Kisha Kirui akaanza kuchukua na chumvi, ili mkewe asipate sababu ya kwenda kuomba kwa jirani. Dada zake Rael wakija, Kirui anawaambia amelala. "Sauti yake haikupanda hata mara moja," akasema. "Nikamwambia dada yangu. Akaniambia, mwanamume wa kukuletea vitenge, wewe unalilia viatu?" Siku alipotoka alipita katikati ya chai kwa miguu mitupu, mvua inanyesha, mpaka barabarani.

Tukarudi na mama Chelangat. Tulipoachana aliniambia tu, "Asante ya sweta."

Jumatano ile nikaitwa ofisini. Nikamkuta mwalimu mkuu, mchungaji wa pale karibu, na pia baba yake Chelangat, kofia mkononi. Unajua mwaka huu kila mahali wanasema habari za mashetani kuingia mashuleni. Kitabu kilikuwa mezani, kipande cha katikati, kile chenye kaburi.

"Hii kitabu imeingia kwa nyumba yangu," mzee akasema. "Mtoto yangu hakuwa na mdomo. Sasa ananiuliza maswali. Mama yake ananiuliza maswali. Kaburi haina mtu, taa inatembea peke yake. Hiyo ni elimu gani?"

Nikaeleza kwamba ni hadithi ya kutunga, kwamba taa ni ya mpishi. Mchungaji akauliza kama mwandishi ni Mkristo. Nikasema sijui, amekufa zamani. Mwalimu mkuu si mtu mbaya, lakini ana shule ya kulinda. Akasema vipande vyote virudishwe stoo na vifungiwe. Nikavikusanya mimi mwenyewe. Wasichana walinipa bila kunitazama usoni, na mmoja alilia kwa sababu alikuwa amebakiza kurasa chache tu. Siku hiyo, dada, nilifika nyumbani nikakaa na koti langu mpaka jiko likazimika. Nilijiona mjinga. Nimetoka mbali, nimeacha mama na mgongo wake, nije kufungia vitabu stoo?

Yaliyofuata nilisimuliwa na Chelangat, maana mimi sikuwapo. Kirui alikuja na wazee wake kwa mazungumzo ya mwisho. Chai ikaletwa. Alizungumza vizuri, akasema atamwacha binti amalize mtihani akiwa kwake, atamjengea jiko jipya. Kila mtu alifurahi. Mama alikuwa akimimina chai. Kwa kawaida hapo mama hasemi. Akaweka birika chini, akasema kwa heshima kabisa:

"Mwanangu Kirui, nina neno moja tu. Tukikupa huyu mtoto, viatu vyake vitakaa wapi?"

Wazee wakatazamana, wakadhani ni fumbo la kizamani. Mmoja akaanza kucheka. Lakini Kirui hakucheka. Chelangat anasema alishika kikombe, hakunywa wala hakukiweka chini. Angeweza kusema "mlangoni, kama viatu vya watu wote," na mambo yangepita. Hakuweza. Baba yake Chelangat akamtazama mgeni wake, akamtazama mkewe, akamtazama mgeni tena. Kisha akasema mvua inakaribia, heri wageni wasichelewe. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu hata moja.

Hakuna kilichotangazwa, ila Kirui hajarudi kuposa. Kirui bado anasoma matangazo kanisani, na wako wanaosema mama Chelangat amemharibia binti bahati. Wengine hawanisalimu tena njiani, nami nimeacha kuhesabu ni akina nani. Chelangat bado anakuja amelowa magoti. Hajasema lolote zaidi darasani, nami simlazimishi.

Juzi baba yake alinikuta langoni. Nikajiandaa kwa matusi. Akasimama mbali kidogo, akatazama mashamba.

"Mwalimu, ile kitabu. Yule msichana, mwisho yake alirudi kwa yule mtu?"

"Alirudi, mzee. Wakaoana."

Akafikiri.

"Na yule mke ingine, walimuuliza?"

"Hapana."

"Basi aliyeandika hakumaliza," akasema, akaenda zake.

Uliniambia niombe uhamisho nije karibu na nyumbani. Nitaomba, dada, lakini si mwaka huu. Nataka hawa wafanye mtihani kwanza. Mwili unataka kulala mwezi mzima, na mbele yangu kuna insha za kidato cha pili ambazo hata sijazigusa.

Msomee mama barua hii kwa lugha yake, ila pale pa viatu usome taratibu, najua atataka urudie. Msalimie shemeji Onyango, mume wako, mwambie nimesikia amepewa uongozi wa kwaya na namhurumia. Msalimie shangazi anayeuza dagaa wa omena, na babu anayelinda mpunga dhidi ya ndege, na yule binti yako mkubwa anayependa kusoma. Huyo mwambie aniandikie yeye mwenyewe, aniambie anasoma nini na hakubaliani na nini.

Nawe ukijibu, usiniletee mambo mazito. Niambie kuku wangapi wameangua.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Jenipher