Hitima za Mzee Marjani

Eastleigh, Nairobi
12 Machi 1995

Kwa shemeji Hindu,

Salaam nyingi kwako na kwa wote wa nyumba ya marehemu kaka Abubakar. Mimi mzima, ila jino moja linanisumbua, na chai ya hapa ina maziwa mengi kuliko majani. Nyinyi je? Mguu wako? Watoto wanaenda shule?

Nimefikia kwa Raisa, binti wa baba mdogo, nalala nyuma ya duka lake la vitambaa. Nasikia polisi wamekuja kwako mara mbili kuniulizia habari za mikutano yetu. Waambie ukweli: nimevuka mpaka Busia na sijaaga.

Kinachoniuma ni chama chetu cha wachuuzi. Yule tajiri wa ghala hatalala. Anautaka uwanja wote wa Port Bell, kutoka reli mpaka kwenye maji, na wachuuzi wasipokaa pamoja atawanunua mmoja mmoja. Najua utasema, "Tutakaaje pamoja, Uthman? Watu wakizidi kumi askari anataka karatasi yenye muhuri." Sikiliza basi. Jana jirani hapa walimsomea marehemu wao hitima. Watu walijaa mpaka barabarani. Askari akapita, akavua kofia, akaenda zake. Hakuuliza lolote.

Shemeji, kwani sisi hatuna maiti? Kama hatuna, tumtengeneze mmoja. Mpe jina zuri.

Shemeji yako mkimbizi,
Uthman


Port Bell, Kampala
30 Aprili 1995

Kwa shemeji Uthman,

Wa alaykum salaam. Nakuandikia nimekaa, maana mguu umegoma kusimama. Viungo vingine vyote bado vinatii, alhamdulillahi. Watoto hawajambo. Jino ling'oe, usilifanyie siasa.

Maiti imepatikana. Anaitwa Mzee Marjani, mjomba wa mama yangu, mfuga mbuzi wa Bombo, amefia safarini. Nilimpa mbuzi kwa sababu asiye na mali hana wa kumlilia. Masufuria ni yangu, sahani ni zangu, mikeka ni yangu. Leo kazi yangu ya kukodisha vyombo imepata shughuli isiyo na mteja. Mwalimu Jibril wa madrasa ndiye aliyetusumbua. Alikataa katakata kumsomea mtu ambaye hajapata kuzaliwa. Tukakubaliana asome kwa ajili ya Waislamu wote waliotangulia, na jina la Marjani nilitaje mimi, dhambi iwe yangu peke yangu.

Unajua mimi watu nawahesabu kwa sahani. Zilitoka mia na arobaini. Wanawake wa dagaa walikuja wote, hata Pélagie na Wakongo wenzake, wamejitanda leso vizuri. Ila kila tukiitikia amina, Pélagie anajipiga msalaba. Nikamkanyaga kidole.

Katikati ya shughuli akaingia Afande Alal wa kituo. Akavua viatu, akasema, "Pole sana, mama. Mzee alikuwa ameshakula chumvi?"

Nikamwambia, "Sana, afande. Mbuzi wake tu wana vitukuu."

Akakaa, akala. Pélagie akamwongezea mchuzi kila alipotaka kuinua uso, na huku mwisho wa mkeka wanawake wakawachagua watano wa kwenda kwa wakili. Wewe wamekuchagua mwenyekiti, ingawa hupo. Arobaini ya Marjani itakuwa mwezi wa sita. Rudi uje umlilie mjomba.

Shemeji yako,
Hindu


Bungeni, Kampala
9 Julai 2001

Kwa shemeji na kamanda wangu,

Natumai barua hii inakukuta na afya, na mguu umekubali dawa ya yule Mhindi. Mimi nina afya ya mtu anayekula bila kupika.

Niko ndani, shemeji. Wiki iliyopita nilikalia kiti cha ngozi, kikazunguka chenyewe, nikadhani naanguka. Mbunge mzima nikashika meza kwa mikono miwili. Wote wananiita Mheshimiwa. Mwanzoni sikugeuka, nilidhani anaitwa mwingine.

Kulikuwa na hotuba ndefu, nikawa nawaza mikeka yako. Miaka mitatu ya Mzee Marjani! Hitima, arobaini, mwaka, kisha hitima ya mkewe, kisha ya yule ndugu yake uliyemzua kwa sababu mke alikuwa keshakwisha. Unakumbuka, niliporudi, Alal alivyoniuliza mlangoni, amebeba kilo ya sukari ya rambirambi: "Mwenyekiti, huyu mzee amekufa mara ngapi?" Ukadakia kutoka jikoni: "Mara moja tu, afande, lakini uchungu hauishi." Alicheka mpaka akaketi. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua. Nadhani alijua tangu siku ya kwanza, akaupenda wali.

Tulishinda kesi ya uwanja juu ya mikeka ile. Na kura zilizonileta hapa zilikaa juu ya mikeka ile ile. Mlango wangu hautakuwa na kufuli kwenu, wallahi.

Shemeji yako yule yule,
Uthman


Port Bell
17 Novemba 2006

Kwa shemeji Uthman,

Salaam kutoka kwetu sote. Tumeamka wazima. Natumai hewa ya Mbuya inakufaa. Wanasema nyumba yako iko juu kiasi kwamba unaliona ziwa bila kusikia harufu ya dagaa.

Binti yangu Kaltumi ameolewa jana. Tulikungoja mpaka alasiri. Baba yake yuko kaburini, babu yake pia. Mwenye haki ya kumuozesha ni wewe, ndugu wa baba. Akaja Mumbere, msaidizi wako, kijana mpole, na barua yenye nembo ya Bunge: umemkabidhi Mwalimu Jibril akuwakilishe, wewe uko kwenye kamati. Kwa sheria ya dini ndoa imepita, hilo Mwalimu alilithibitisha. Alisoma barua mara mbili, akaikunja, akasema, "Haya. Mbunge ameruhusu." Watu wakacheka. Kaltumi hakucheka.

Sikuandikii kwa ugomvi. Nilipika ule wali wako wa zabibu, sahani yako nikaifunika. Nilitamani tu uwepo tumcheke pamoja Pélagie, kwa maana kwenye amina bado anajipiga msalaba.

Shemeji yako,
Hindu


Port Bell
20 Septemba 2010

Kwa shemeji Uthman,

Salaam. Sisi tuko hai. Nakupigia simu anapokea Mumbere, ananiita mama, ananiambia uko kwenye kamati. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu.

Mwalimu Jibril ametutoka. Ulipelekewa habari, nilitegemea kukuona kaburini. Sasa nikueleze yaliyotokea Ijumaa kwenye hitima yake.

Nilipanga sahani mia mbili. Vijana wake wa madrasa ndio kwanza wamefungua juzuu, akaingia ofisa mpya wa kituo, yule aliyekuja baada ya Alal kustaafu. Hakuvua viatu. Akauliza, "Nani amekufa hapa?" Nikamwambia, Mwalimu. "Cheti cha kifo kiko wapi? Karatasi ya mkutano iko wapi?" Nikasema afande, huu ni msiba. Akanijibu mbele ya mayatima wa yule mzee: "Mama, mbunge wenu mwenyewe amesema redioni. Kuna watu wanazika hewa ili wafanye siasa, na yeye anawajua."

Aliwatawanya. Zililiwa sahani kumi na tisa. Mtu pekee aliyekataa kusema uongo katika mchezo wetu, hitima yake ya kweli ndiyo iliyovunjwa kama ya uongo.

Nilikuwa nimeisikia redio ile, Uthman. Nilikuwa nakaanga vitunguu, nikazima jiko. Wengine wote waliosikiliza walidhani ni maneno ya mbunge. Mimi nilisikia ukiwapa ufunguo wa nyumba yangu.

Sikatai, baada ya dua tungezungumza habari za uwanja. Yupo tajiri mwingine. Vibanda vyetu vimepigwa alama ya rangi nyekundu, tumepewa mpaka mwezi wa tatu tuondoke. Tukikaa pamoja tutamsimamisha kama tulivyomsimamisha wa kwanza. Tusipokaa pamoja, kwaheri.

Nina ombi moja. Mbunge akiita wapiga kura wake, askari hasomi karatasi, anasimama kulinda. Ita mkutano mmoja kwa jina lako, Port Bell, Jumamosi yoyote. Husemi lolote. Kaa tu.

Shemeji yako,
Hindu


Mbuya
2 Novemba 2010

Kwa shemeji mpendwa,

Pole kwa Mwalimu, pole kwa Ijumaa ile. Natumai sukari yako imeshuka, Mumbere ameniambia ulilazwa siku mbili. Mimi nina presha. Daktari amenikataza chumvi na hasira.

Maneno ya redioni yaliwahusu watu wengine kabisa, wa upande ule mwingine. Studioni mle unasema sentensi kumi, wanachukua moja. Nilitaka wakubwa wanione najua mambo ya mitaani, kwamba mimi si mtu wa vitabu tu. Haikunijia kichwani kwamba itatembea mpaka kwako.

Kuhusu mkutano: baada ya uchaguzi nimeahidiwa nafasi ya unaibu waziri. Yule mwekezaji anayeutaka uwanja ni mgeni wa wakubwa. Nikikaa kwenye mkeka ule mwezi huu, hata bila kusema, nimeshasema. Nikiwa juu nitawasaidia zaidi. Nipe muda.

Nimekutumia ng'ombe mmoja na magunia kumi ya mchele, msomeeni Mwalimu hitima nyingine, kubwa. Nitampigia ofisa simu mimi mwenyewe awaache. Ila iwe hitima tu, shemeji. Nakuomba.

Usiku mwingine nawaota akina Alal na mchuzi. Mzee Marjani namkumbuka kuliko wajomba zangu wa kweli. Zile ndizo siku zangu nzuri, na sijui ni nani aliyezipitisha haraka vile.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mh. Uthman, shemeji yako


Port Bell
14 Januari 2011

Kwa shemeji Uthman,

Salaam, na dua kwa presha yako. Sukari imeshuka, mguu uko vile vile, nimeuzoea kama mpangaji asiyehama.

Ng'ombe alifika, mchele ulifika. Mwalimu amesomewa vizuri, na nilitii: ilikuwa hitima tu. Hakuna aliyetaja uwanja, kwa heshima yake. Wajukuu wake wanakushukuru.

Kisha nikakaa nikapiga hesabu. Karatasi ya mkutano hatupewi. Msiba umeufunga. Wewe huji. Nikajiuliza, katika nchi hii ni nani mwingine anayeruhusiwa kukusanya watu mchana, kwa kipaza sauti, na askari akamlinda?

Mgombea.

Basi nagombea udiwani wa tarafa kupitia kata yetu. Kiti chako usikihofie, kile kinataka cheti cha shule ambacho sina. Udiwani wanataka mtu mwenye akili timamu, na daktari wa sukari amenithibitisha. Alama yangu ni sufuria; Pélagie hawezi kupiga kura, lakini hakuna anayenisifu kwa sauti kubwa kama yeye.

Wapiga kura wa kata nawajua nyumba kwa nyumba, wengi nimewapikia harusi. Nimewajumlisha: nashindwa kwa kama kura mia tatu. Haidhuru, kura sizitafuti sana. Nimepangiwa mikutano kumi na minane. Katika mkutano wa kwanza tuliwachagua watano wa kwenda kwa wakili. Katika wa tatu wakili alikuja mwenyewe, akapanda jukwaani, akawasomea watu haki zao kama sera zangu. Kesi iko mahakamani tangu Jumatatu.

Na yule ofisa mpya? Ndiye aliyepewa kunilinda. Anasimama nyuma yangu juani na bunduki yake. Juzi akaniinamia: "Lakini mama, mbona husemi utafanya nini ukichaguliwa?" Nikamwonyesha wale wanawake walivyojaa. Nikamwambia, "Nimeshafanya, mwanangu. Kunywa maji."

Sasa hili ndilo la kukuandikia. Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, uwanja wa wachuuzi, Mumbere amekuombea nafasi ya kampeni yako. Tume ya Uchaguzi wamemwambia saa ile imeshachukuliwa na mgombea mwingine, mpaka mgombea huyo aridhie. Ni mimi. Kijana alikuja jana kuniomba, ameshika kofia.

Nimeridhia. Nimekupa dakika tano, baada ya wakili. Njoo mapema, na uvue viatu. Ukae mkekani na watu, upokee sahani kama wao, mpaka nitakapokuita.

Shemeji yako,
Hindu