Mpokee Rehema

Kwa mama yangu,

Kamwene mama. Mguu unaendeleaje? Na baridi ya huko Tosamaganga imewaachia mahindi? Sisi huku Uyole tunapumua tu. Nimeandika kwa sababu nikipiga simu ya kaka nyumba nzima inasikiliza, na hili nataka ulisome mwenyewe.

Mama Tusa, mwenye kituo chetu cha watoto, bado yuko kitandani tangu apooze. Wale dada waliokuwa wananisaidia wameondoka. Siwalaumu, hata sabuni ya kuogea walikuwa hawapati. Walioahidi kututafutia mtu wamenyamaza. Nimebaki mimi na watoto wote, wakubwa kwa wachanga. Kuna mmoja aliokotwa sokoni kwenye boksi la nyanya, huyo asipobebwa halali.

Sasa sikia ya mjukuu wako. Jumamosi walikuja wageni wa kanisa na masweta. Wakawa wanamuuliza kila mtoto habari za wazazi wake. Ilipofika zamu ya Rehema akasema, "Mama yangu alikufa." Mimi nimesimama palepale nagawa uji.

Gasto, mtundu wetu, akapiga kelele: "Muongo huyo! Mama yake si huyo hapo na upawa? Kafufuka leo?"

Watoto wakacheka mpaka uji ukamwagika. Wageni wakanitazama kama mwizi.

Jioni naanua nepi nikamwita. "Unaniua mwanangu, kisa sweta?"

"Siyo sweta. Nikikuita unasema subiri, wenzako hawana mama."

"Si kweli hawana?"

"Basi na mimi sina. Nibebe."

Mama, nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi analia. Nikamwambia subiri. Akaenda zake, hata hakulia.

Nikiondoka hapa, hawa wachanga hakuna wa kuwapa chupa. Nikikaa naye, nampoteza huku namwangalia. Kwa hiyo namleta kwako. Najua utasema turudi wote wawili. Usiseme, mama, sitarudi. Ijumaa atapanda basi na mke wa mchungaji wetu anayekuja Iringa, kaka ampokee stendi. Akiwa na hofu hukojoa kitandani, usimchape. Na nywele zake chana pole pole, kichwa kinamuuma upesi.

Lini nitamfuata, sijui. Zamani nilikuwa nasema Mama Tusa akipona. Siku hizi hata hilo silisemi.

Nisalimie kaka na wifi yangu, na shangazi anayeuza vitunguu Ruaha Mbuyuni akipita hapo nyumbani. Baba mdogo mwambie unga wa ulezi ulifika, watoto wameunywa wote.

Jambo moja tu, mama. Mwanzoni atakuita bibi. Akija kuzoea akaanza kukuita mama, itika. Usimsahihishe.

Mwanao anayekupenda,
Zawadi